Kupanda Mchongoma: Tuinue Pikapu au Tuishushe?

Wiki chache zilizopita nilitembelewa na rafiki yangu wa miaka mingi, mwalimu wa shule ya upili katika Kaunti ya Nyandarua. Baada ya kuweka akiba kwa muda mrefu katika chama cha ushirika, alikuwa amejinunulia pikapu kuukuu kiasi, yenye uwezo wa kubeba tani moja, ambayo injini yake huzungusha magurudumu mawili ya nyuma pekee. Aliinunua ili siku za Jumamosi abebe viazi kutoka shambani hadi Ol Kalou. Lakini kabla haijapakiwa gunia la kwanza, pikapu hiyo ilikuwa imekwisha kuzua mgogoro nyumbani. Yeye alitaka iinuliwe ili isikwame katika matope ya masika. Mwanawe, mwanafunzi wa kidato cha nne, alitaka ishushwe hadi ikaribie kuibusu lami, kama zile azionazo katika picha. Fundi wa mtaani kwao alikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo mawili, mradi alipwe. Rafiki yangu akaniuliza, "Wewe unayeandika magazetini, waonaje? Niipandishe au niiteremshe?"

Sikumjibu siku hiyo. Nilimwomba anipe muda, kwa kuwa niliona kwamba swali lake halikuwa lake peke yake. Zunguka leo katika karakana za jua kali, iwe ni Nakuru, Thika au Eldoret, nawe utakuta magari yaliyowekwa juu ya mawe huku mafundi wakiyaongezea vipande vya chuma na mabamba ya springi ili yasimame juu zaidi. Pembeni yake utakuta gari jingine ambalo springi zake zinakatwa kwa msumeno ili lilale chini. Kila mwenye gari ana sababu yake. Hata hivyo, ni wachache sana wanaojiuliza kitu gani hasa hubadilika gari linapopandishwa au kushushwa, na ni nani atakayelipa gharama ya mabadiliko hayo. Leo nataka kulijibu swali la rafiki yangu hadharani, kwa kuwa naamini kwamba jibu lake lawahusu walimu na wanafunzi wote, hata wale wasio na baiskeli.

Na tuanze na hoja ya mwalimu mwenyewe. Anasema kwamba gari lililoinuka halikwami. Hoja hii ina ukweli nusu, na ukweli nusu ni hatari kuliko uongo mtupu. Gari hukwama kwa sababu mbili zilizo tofauti kabisa. Sababu ya kwanza ni tumbo la gari kukalia ardhi, magurudumu yakabaki yakizunguka bure. Sababu ya pili ni magurudumu yenyewe kukosa mshiko juu ya ardhi telezi. Kuinua gari kunaweza kusaidia kidogo katika sababu ya kwanza. Katika sababu ya pili hakusaidii hata chembe. Pikapu ya rafiki yangu huendeshwa na magurudumu ya nyuma, na inapokuwa tupu sehemu kubwa ya uzito wake iko mbele, kwenye injini. Magurudumu yanayosukuma ndiyo yaliyo mepesi. Ndiyo maana pikapu tupu huteleza palepale ambapo pikapu yenye magunia mawili matatu juu ya ekseli ya nyuma hupita bila taabu. Kuipandisha hakuyaongezei magurudumu hayo uzito, wala hakuyapi yale ya mbele nguvu ya kuvuta. Gari la kusukumwa na magurudumu mawili likiinuliwa hubaki kuwa gari la magurudumu mawili, ila sasa ni refu zaidi.

Hata ile sababu ya kwanza nayo ina mtego wake. Hebu mwanafunzi achutame nyuma ya pikapu yoyote ya aina hii aangalie chini. Ataona ekseli nzima ya chuma iliyounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, na katikati yake donge kubwa ambalo mafundi huliita difu. Hicho ndicho kitu kilicho chini zaidi upande wa nyuma. Fundi anapoongeza vipande vya chuma baina ya ekseli na springi, bodi hupanda na kuwapendeza watazamaji, lakini difu hubaki palepale ilipokuwa asubuhi. Jiwe lililokuwa likiigonga jana litaigonga kesho. Njia ya kuipandisha difu ni kuweka matairi makubwa zaidi, na hata hapo faida ni ndogo. Tairi likiongezeka kipenyo kwa sentimita 5, ekseli hupanda kwa sentimita 2 na nusu tu, kwani nusu ya nyongeza hiyo iko juu ya ekseli wala haiko chini yake. Aidha, tairi kubwa hupiga mizunguko michache kwa kila kilomita, hivyo mshale wa mwendo hudanganya. Kipenyo kikizidi kwa asilimia 5, dereva atasoma 80 ilhali anakimbia 84.

Wahenga walisema kwamba kupanda mchongoma ni rahisi, kushuka ndio ngoma. Bei ya kupanda huonekana kwenye kona. Wanafunzi wa fizikia wanajua kwamba kila kitu kina kitovu cha uzito, na kwamba kitovu hicho kinapopanda, kitu hicho huwa rahisi kupinduka. Wataalamu wa usalama wa barabarani nchini Marekani hukipima kipengele hiki kwa hesabu nyepesi ambayo hata mwanafunzi wa kidato cha pili ataiweza. Chukua upana kutoka katikati ya tairi la kushoto hadi katikati ya tairi la kulia, kisha ugawanye kwa urefu wa kitovu cha uzito mara mbili. Jibu likiwa kubwa, gari limetulia; likiwa dogo, gari lina wepesi wa kupinduka. Kwa kipimo hicho magari mengi madogo ya abiria hupata baina ya 1.3 na 1.5, na pikapu pamoja na magari marefu hupata baina ya 1.0 na 1.3.

Tuseme pikapu ya rafiki yangu ina upana wa mita 1.4, uzito wa kilo 1,300, na kitovu chake kiko sentimita 65 kutoka ardhini. Jibu ni 1.08. Sasa tuipakie viazi. Kanuni za mwaka 2019 kuhusu zao hilo zinataka gunia lisizidi kilo 50, kwa hiyo tani moja ni magunia 20. Tuseme kitovu cha shehena hiyo kiko sentimita 105 kutoka ardhini. Tukiuchanganya uzito wa gari na wa shehena, na tukiacha kando kudidimia kwa springi, kitovu cha vyote viwili hufika takriban sentimita 82, na jibu huwa 0.85. Sasa fundi aipandishe bodi kwa sentimita 10. Kwa kuwa ekseli na magurudumu hayapandi, kitovu cha gari lenyewe kitapanda kama sentimita 8, lakini viazi vitapanda kwa sentimita zote 10. Jibu hushuka hadi 0.77.

Msomaji anaweza kudhani kwamba tofauti baina ya 0.85 na 0.77 ni ndogo mno kuandikiwa makala. La, hasha! Tairi zuri juu ya lami kavu huweza kushika kwa kiasi cha karibu 0.8. Maana yake ni kwamba pikapu ya 0.85 ikichukuliwa kwa kasi ya kupita kiasi kwenye kona, matairi yataanza kuteleza kabla haijapinduka, na dereva atapata onyo pamoja na nafasi ya kujirekebisha. Ile ya 0.77 haitoi onyo. Hupinduka kabla ya kuteleza. Hesabu yangu ni ya mfano tu, na kila gari lina vipimo vyake, lakini inaonyesha jambo ambalo jicho haliwezi kuliona: sentimita 10 za fundi zaweza kuivusha pikapu mpaka baina ya gari linaloteleza na gari linalobiringika.

Na je, pikapu zetu hubeba viazi tu? Sote twajua jibu. Siku ya mazishi, siku ya soko, siku ya timu ya shule kwenda mashindanoni, pikapu hugeuka kuwa basi, na watu husimama nyuma wakishikilia vyuma. Mtu aliyesimama humo ameuweka uzito wake juu kuliko gunia lolote. Kwa vipimo vile vile, watu wanane waliosimama katika pikapu ambayo haijaguswa na fundi hulifikisha jibu karibu na 0.75, ikiwa imeinuliwa, hushuka hadi chini ya 0.7. Mimi mwenyewe niliwahi kupanda pikapu ya namna hiyo miaka kadhaa iliyopita, tukitoka kumzika jirani. Ilikuwa imeinuliwa, na mwenyewe alijivunia urefu wake. Katika kona moja ya mteremko nilihisi magurudumu ya upande wangu yakiwa mepesi chini ya miguu yangu, kana kwamba gari limevuta pumzi na kuizuia. Kisha likarudi chini. Hakuna aliyeumia, wala hakuna aliyesema neno hadi tulipofika sokoni. Tangu siku hiyo sijapanda tena.

Kuna na kosa jingine ambalo hufanywa kwa nia njema. Mwenye pikapu huongezewa mabamba ya springi nyuma ili abebe mzigo mzito bila gari kulala. Springi zikisha kuwa ngumu kupita kiasi, pikapu inaporudi tupu juu ya barabara ya changarawe yenye mawimbi, sehemu ya nyuma hurukaruka kama mbuzi. Kila linaporuka, gurudumu halishiki ardhi, na gurudumu lisiloshika ardhi halisukumi wala halifungi breki. Kwa gari linalotegemea magurudumu hayo hayo ya nyuma kusonga mbele, huku ni kujikata mguu ili kiatu kisichakae. Kadhalika, bodi inapopanda, pembe za ile shafti ndefu inayozungusha difu hubadilika, gari likaanza kutetemeka, na viungo vyake vikaisha kabla ya wakati. Taa za mbele nazo hupanda pamoja na bodi, zikawapiga usoni madereva wanaokuja.

Sasa tumgeukie kijana wa kidato cha nne, kwani si haki kumkosoa baba na kumwacha mwana. Naye ana hoja. Gari lililoshushwa kwa vipande vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo hushika kona vyema, na ni rahisi kulipakia. Hesabu ile ile tuliyoifanya yamuunga mkono. Kitovu kikishuka kwa sentimita 5, jibu la pikapu tupu hupanda kutoka 1.08 hadi karibu 1.17. Iwapo pikapu ingekuwa ya kuzunguka mjini juu ya lami laini, bila mzigo, kijana angekuwa na haki zaidi kuliko baba yake.

Lakini picha anazozitamani zina asili yake. Zatoka hasa katika miji ya California, ambako Wamarekani wenye asili ya Meksiko walizoea kushusha magari yao na kuyaendesha taratibu jioni, yaonwe. Huo ulikuwa utamaduni wenye heshima yake, na ulikuwa na mgogoro wake na serikali pia. Tangu mwaka 1958 sheria ya jimbo hilo ilikataza sehemu yoyote ya bodi kuwa chini kuliko ukingo wa chini wa rimu, na ilipofika mwaka 2024 ndipo sheria mpya ilipowaondolea wenye magari hayo kizuizi hicho. Katika miaka ya 1980 vijana wa huko walizishusha pikapu ndogo za Kijapani, za jamii hii hii tunayobebea kabichi na mkaa. Barabara zao zilikuwa tambarare, na pikapu zao hazikuwa na shehena. Pikapu iliyoshushwa ina nafasi ndogo ya springi kucheza. Itie magunia 20 ya viazi, na bodi itakaa juu ya ekseli. Kila shimo litakuwa nyundo. Tena iliyoshushwa kwa kukata springi kwa msumeno ni mbaya zaidi, kwani springi iliyokatwa yaweza kuchomoka mahali pake gurudumu linapoangukia shimoni.

Huko huko Marekani kumezuka pia mtindo wa kuinua sehemu ya mbele na kushusha ya nyuma, pikapu ikawa kama mbwa aliyekalia matako yake. Dereva haoni kilicho mbele ya boneti, na taa zake humulika mbinguni. Jimbo la North Carolina lilipiga marufuku mtindo huo mwaka 2021, likisema kwamba sehemu ya mbele isizidi ya nyuma kwa inchi 4 au zaidi. Virginia ikafuata mwaka 2022 na South Carolina mwaka 2023. Tusicheke. Pikapu zetu zilizopakiwa kupita kiasi hufanya vivyo hivyo kila usiku katika barabara zetu kuu: nyuma imelala, mbele imeinua pua, na taa zimeelekea machoni mwa mwenye basi. Tofauti ni kwamba wao hufanya kwa mtindo, nasi hufanya kwa tamaa ya kumaliza mzigo kwa safari moja.

Yamkini msomaji mmoja atauliza, "Mbona viwanda vyenyewe huuza pikapu ndefu za magurudumu mawili?" Ni kweli. Kampuni ya Toyota ilianza kuuza Marekani mwaka 1998 pikapu iliyoitwa PreRunner, yenye kimo cha gari la magurudumu manne lakini inayosukumwa na mawili tu. Jina hilo lilitokana na mashindano ya jangwani huko Baja, ambako kuna magari yanayotangulia kuikagua njia. Huko Thailand nako pikapu za namna hiyo zimependwa kwa miaka mingi. Lakini tuangalie tofauti. Kiwanda kinapoipandisha pikapu, hupanga upya springi, breki, pembe za shafti, usukani na taa, kisha huijaribu. Fundi wa mtaani hupandisha kitu kimoja na kuviacha vingine vyote vijitafutie njia. Simdharau fundi, kwani wengi wao wana akili ya mikono ambayo shule hazijaweza kuifundisha. Nasema tu kwamba anayetaka gari refu afadhali anunue lililozaliwa refu.

Hadi hapa nimemzungumzia mwenye gari. Sasa niseme juu ya yule asiye na gari, ambaye mara nyingi husahauliwa katika mijadala hii: mtoto wa shule ya msingi anayevuka barabara saa moja asubuhi. Mbele ya shule nyingi za nchi hii kuna matuta. Baadhi yake yalijengwa na wenye mamlaka, mengine na wazazi kwa majembe yao baada ya mtoto kugongwa. Matuta hayo yana kazi moja tu, nayo ni kumlazimisha dereva apunguze mwendo. Dereva anapoinua gari lake ili matuta yasimsumbue, kwa hakika anaununua uwezo wa kutoitii amri iliyowekwa kwa ajili ya mtoto yule. Isitoshe, boneti ikipanda, mtoto aliye karibu hutoweka mbele ya macho ya dereva. Mnamo Novemba 2023 taasisi ya utafiti ya Marekani iitwayo Insurance Institute for Highway Safety ilichapisha matokeo ya uchunguzi wa ajali karibu 18,000 za waenda kwa miguu. Ilionekana kwamba magari yenye boneti iliyozidi inchi 40, yaani takriban mita moja, yalielekea kuua kwa asilimia 45 zaidi kuliko yale yenye boneti fupi na iliyoinama. Mita moja ni kimo cha kichwa cha mtoto mdogo. Walimu wa darasa la kwanza hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa nini basi tunaendelea kuinua? Hapa ndipo ninapowageukia wakubwa. Ukimwondoa kijana anayefuata mitindo, Mkenya wa kawaida hulipandisha gari lake kwa sababu barabara imemshinda. Naye ameilipia barabara hiyo tayari. Mwezi wa Julai 2024 ushuru wa kukarabati barabara ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25 kwa kila lita ya mafuta. Mwalimu anayenunua lita 40 kwa wiki kwa kiwango hicho hutoa shilingi 1,000 kila wiki kwa ajili ya barabara, kabla hajahesabu kodi nyingine. Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti barabara za kaunti, na fedha za ushuru huo zikawa mfupa: magavana na Bunge la Taifa wakavutana juu ya shilingi bilioni 10.5, kila upande ukidai kwamba ni haki yake. Wakati fahali hao wawili wakipigana, nyasi zilizoumia ni akina rafiki yangu, ambao baada ya kulipa petroli huenda tena kwa fundi na kulipa mara ya pili ili wainuliwe juu ya mashimo ambayo fedha zao za kwanza zilipaswa kuyaziba.

Huo ndio msiba wenyewe. Kila gari linaloinuliwa ni shtaka dhidi ya barabara, lakini ni shtaka lisilofikishwa kwa hakimu yeyote. Mwenye gari refu hupita juu ya shimo, akasahau kwamba lipo. Mwenye gari fupi hubaki akilizunguka, mwenye bodaboda huangukia humo, na mgonjwa anayepelekwa zahanati kwa mkokoteni hutikiswa na kila jiwe. Tunapojitafutia nafuu mmoja mmoja, kelele za pamoja hupungua, na mwenye dhamana ya barabara hulala usingizi. Walisema wa kale kwamba apandaye juu kipungu hafikilii mbinguni. Hakuna springi itakayotupandisha juu ya uongozi mbaya wa barabara.

Sasa nimjibu rafiki yangu, kwa kuwa aliniuliza swali la wazi na anastahili jibu la wazi. Mwalimu, iache pikapu yako mahali ilipo. Usiinue, usishushe. Lakini kuiacha haina maana ya kuipuuza. Gari hilo ni kuukuu, na springi za gari kuukuu huchoka. Yawezekana kabisa kwamba limekwisha kushuka sentimita kadhaa bila fundi. Mwambie fundi apime kimo chake pande zote nne, kisha abadilishe mabamba yaliyovunjika au kunyooka, aweke ya kiwango kile kile cha kiwandani. Badilisha vizuia mitikisiko vilivyovuja. Nunua matairi yenye meno mazuri, ya ukubwa ulioandikwa kwenye kibandiko cha gari, na ukitaka makubwa zaidi, chagua ule ukubwa wa pili ambao kiwanda chenyewe kimeuruhusu. Siku za matope, weka gunia mbili za mchanga juu ya ekseli ya nyuma, uzifunge imara, na upakie mzigo wa mezani badala ya mlima: tani moja ni tani moja, hata pale mnunuzi anapobembeleza. Kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi. Na usimbebe mtu nyuma, hata jirani akikununia.

Iwapo baada ya hayo yote bado utataka kubadilisha kimo, basi kumbuka mambo mawili. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari liwe katika hali isiyowahatarisha watu, na mkaguzi ana haki ya kulikataa lako. Pili, iarifu kampuni iliyokupa bima kabla fundi hajashika spana, kwani mabadiliko yasiyotajwa huweza kuwa kisingizio cha kukunyima fidia siku ya ajali, na siku hiyo hutakuwa na nguvu za kubishana.

Kwa kijana wako nina pendekezo tofauti. Asinyamazishwe. Kijana anayetamani kugusa gari ni hazina ya taifa. Mpe utepe wa kupimia, apime upana wa magurudumu na kimo cha sakafu ya nyuma. Mpeleke kwenye mizani ya kupimia mazao, ipime ekseli ya mbele na ya nyuma, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo, ili ajionee uzito unavyohama. Aichukue hesabu niliyoieleza hapo juu, aifanye kwa vipimo vya gari lenu, kisha asimame mbele ya darasa aeleze kwa nini viazi na watu si mzigo mmoja. Walimu wa fizikia wanaolalamika kwamba hawana vifaa vya maabara wana maabara ya tani moja iliyoegeshwa nje ya ofisi ya walimu.

Na hizo fedha alizokuwa ametenga kwa ajili ya fundi? Springi na matairi vitazila karibu zote. Zikibaki shilingi chache, nunua bahasha. Andika barua kwa mwakilishi wenu wa wadi, utaje barabara kwa jina, utaje mashimo kwa idadi, utaje ni lita ngapi za mafuta umenunua tangu Januari na ushuru uliolipa kwa kila lita. Wape wenzako katika chumba cha walimu watie sahihi. Masika yatakuja yakute pikapu yako katika kimo chake cha kiwandani, nayo barua iko mezani kwa mtu ambaye jina lake mwalijua. Kati ya kazi hizo mbili, ya kwanza itakufikisha Ol Kalou Jumamosi hii. Ya pili ndiyo itakayomfikisha shuleni salama yule mtoto wa darasa la kwanza.